Uji wa Mayu na Mashine ya Nassibu

Jumatano, 2 Julai

Magreth amepiga simu saa tatu na dakika kumi asubuhi. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumchukua mama yake akaishi naye Mwanza. Chumba kimeshapakwa rangi. Kijani. Mimi sikuulizwa lolote.

Mama yake ni dada yangu, Apolinaria, miaka sabini na tisa. Anaishi nami hapa Gongoni, Tabora, tangu mke wangu afariki, mwaka wa sita sasa. Alikuja kwa wiki mbili kusaidia msibani. Hakurudi kijijini kwetu Puge. Hatujawahi kulizungumza.

Sitaki aende. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Mwanamume wa miaka sitini na nane, aliyekuwa karani wa stesheni miaka thelathini na mmoja, hasimami mbele ya dada yake kutamka maneno ya namna hiyo.

Jioni Dada alikuwa anakunywa uji wa unga wa dukani. Aliinua kijiko, uji ukadondoka kama maji ya paa. Akasema hapa anakunywa uji wa dukani na Mwanza atakunywa uji wa dukani, kwa hiyo tofauti ni nauli tu. Angekuwa anapata uji wa Mayu, hiyo ingekuwa habari nyingine.

Mayu ni mama yetu. Alifariki mwaka 1986.

Habari nyingine! Nimeyaandika maneno kama yalivyotamkwa. Huo ni mkataba. Nikimpa uji wa Mayu, anabaki.

Uji wenyewe naukumbuka hivi. Mtama uliokobolewa, ukalowekwa siku tatu, ukaanikwa, ukasagwa juu ya jiwe kabla jua halijatoka. Kule Puge tuliamshwa na mlio wa jiwe, si jogoo. Uji ulikuwa mzito, una karanga na uchachu kidogo, na ukikaa kwenye kikombe dakika mbili ulifanya utando juu. Nilipenda ule utando kuliko uji. Dada alikuwa akiutoa wa kwake kwa kijiko na kuniwekea mimi.

Jiwe halipo tena, na hata lingekuwepo, bega langu la kulia halifanyi kazi hiyo. Dada hawezi kupiga magoti. Inatakiwa njia ya kisasa.

Siku kumi. Zinatosha na kubaki.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda kwa Nassibu.

Nassibu ni mtani wangu, Mzaramo wa Tabora. Babu wa babu yake alitoka pwani na msafara, akafika hapa, miguu ikagoma kurudi. Hivyo ndivyo ninavyoisimulia mimi. Yeye husema mzee wake alikuwa mwenye mali, na mzee wangu ndiye aliyeibeba kichwani kutoka Bagamoyo, na ndiyo maana Wanyamwezi tuna vichwa bapa. Tumeambiana hivyo tangu darasa la pili, mwaka 1966. Leo aliniambia tena kabla sijakaa.

Ana mashine ya bisi za bomba, zile ndefu, nyeupe, nyepesi, ambazo watoto huzivaa vidoleni kabla ya kuzila. Mahindi yanaingia juu, bomba linatoka pembeni likipiga kelele. Nimepita mbele ya mashine hiyo miaka kumi na sita bila kuuliza inafanyaje kazi. Leo nimeuliza.

Maelezo yake, niliyoyaandika palepale nyuma ya bahasha: Ndani ya bomba la chuma kuna parafujo nene. Inazunguka, inaikokota nafaka mbele, inaibana kwenye nafasi inayozidi kuwa finyu. Punje inasuguliwa, upande mmoja unavutwa na parafujo, upande mwingine unang'ang'ania ukuta wa bomba, mpaka inachanika. Hakuna jiko. Joto lote ni la kusuguana. Nafaka inakuwa donge laini la moto, na likifika kwenye tundu la mdomo, maji yaliyobanwa ndani yake yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja. Donge linafumuka. Limeshaiva. Sekunde chache tu.

Sekunde chache! Mayu alitumia saa mbili, na kazi ni ileile. Jiwe linabana na kusugua, parafujo inabana na kusugua. Nashangaa hakuna aliyeliona jambo hili kabla yangu.

Mpango: mtama uingie, ufumuke, nisage zile bomba ziwe unga. Unga umeshaiva. Dada atamimina maji ya moto, atakoroga, atakunywa. Uji wa Mayu kila asubuhi bila hata kuwasha moto. Mwanza wana nini cha kushindana na hilo?

Nassibu aliuliza ninataka mashine ya nini. Nikamwambia ni utafiti wa vyakula vya wapagazi wa zamani, kwa ajili ya kitabu cha parokia. Akauliza parokia imeanza lini kuandika habari za wapagazi. Nikasema hivi karibuni. Amekubali nitumie mashine Sabasaba, akiwa amefunga kazi, kwa sharti nimpelekee chupa ya asali ya Sikonge. Amenionya nisilete karanga. Mafuta ya karanga huilainisha nafaka, ikateleza, na isiposuguana hakuna kinachoiva.

Nimerudi nyumbani saa sita na nusu. Dada aliuliza kwa nini nina unga kwenye nyusi. Nikasema vumbi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimenunua mtama kilo kumi, uliokobolewa. Nimeuloweka saa kumi na moja alfajiri kwenye ndoo, nyuma ya mlango wa bafu, nikaufunika kwa koti langu la zamani la reli. Nassibu hakusema chochote kuhusu kuloweka, lakini Nassibu anatengeneza vitafunio vya watoto. Mayu aliloweka. Mtama usiolowekwa alisema ni chakula cha kuku.

Dada ameanza kufunga sanduku. Ametia kitenge cha bluu, akakitoa, akakitia tena. Akauliza, akiwa amenipa mgongo, jioni nitakuwa nakula na nani. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, nina shughuli nyingi. Akakikunja upya kitenge. Akasema haya.

Nadhani nilimtuliza.

Jumapili, 6 Julai

Ndoo inanuka.

Dada aliniuliza baada ya misa kama kuna panya amekufa bafuni. Nikasema ni viatu vyangu. Akasema viatu hivyo basi vipewe mazishi ya heshima. Aliniangalia miguu mpaka tukafika nyumbani.

Nimeutoa mtama saa saba, alipolala. Nimeuanika nyuma ya nyumba juu ya shuka. Mayu alianika siku mbili. Mimi nina mchana mmoja. Kuku wa jirani walikuja kumi na moja. Nimewafukuza kwa kofia.

Nikiwa nimekaa pale nikilinda, ile harufu ya uchachu ilinipeleka Puge moja kwa moja. Niliona kibaraza, jivu, miguu ya Mayu imenyooshwa. Alikuwa akisaga huku anaimba taratibu, na akifika penye punje ngumu wimbo unakatika kidogo, halafu unaendelea. Miaka mingi nilidhani wimbo wenyewe ndivyo ulivyo, una mapengo.

Kuku mmoja alifanikiwa.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Kushindwa. Naeleza kwa utaratibu.

Saa nne kamili nilimimina kilo tano za kwanza. Mota iliunguruma vizuri. Parafujo ilizunguka. Kwenye tundu la mdomo hakikutokea kitu kwa dakika mbili, halafu kikatoka kitu kama kamba. Cha kijivu, kizito, vuguvugu, kimelegea. Hakikufumuka. Kilijikunja sakafuni kama nyoka mgonjwa. Ndani yake mtu aliweza kuhesabu punje, nzima nzima, zinakutazama.

Nassibu alikaa chini kucheka. Akasema kumbe ndiyo maana misafara ilichukua miezi mitatu, kama wapagazi walikuwa wanapewa hii. Alipopata pumzi akagusa mtama uliobaki na kuuliza nimeufanya nini. Nikamwambia. Akashika kichwa.

Kosa, kwa maneno yake: maji mengi ni kama mafuta. Punje mbichi zinateleza. Parafujo inazunguka lakini haiumi, kama gurudumu kwenye tope. Hakuna kukabana, kwa hiyo hakuna joto, kwa hiyo punje haichaniki wala haiivi. Mashine imepiga kelele tu.

Tuliichokoa kwa kijiti saa moja na robo. Nimebeba kilo tano za kamba kwenye mfuko. Kuku wa jirani wamezikataa.

Somo nililopata: maji ndiyo adui.

Jumatano, 9 Julai

Nimemshinda adui.

Jana nilinunua mtama mwingine, nikautandaza juu ya bati tangu asubuhi mpaka jioni. Leo alfajiri, kwa uhakika zaidi, niliukaanga mkavu kwenye sufuria. Ulilia kwenye sahani kama changarawe. Hata tone halikubaki. Dada aliamka kwa harufu, akaja mlangoni, akanisalimu mwangaluka na kuuliza nakaanga nini gizani. Nikasema kahawa. Akasema hatuna kahawa. Nikasema ndiyo maana haikolei.

Akavuta kiti akakaa. Akasema Mayu alikuwa akitukaangia mtama hivihivi siku za yeye kunisindikiza shule ya bweni, tunatia mfukoni, tunatafuna njiani, na mimi nilikuwa namaliza wangu kabla ya kufika barabara kubwa halafu nalia mpaka anipe wa kwake. Nilimwambia sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Ulikuwa na chumvi.

Alitaka kukaa. Nilikuwa na miadi na Nassibu saa mbili, nikamwacha.

Kwa Nassibu: nilimimina. Mashine ilikula vizuri kama nusu dakika. Halafu sauti ikapanda. Halafu mkanda ukapiga yowe. Harufu ya kuungua, moshi wa kahawia kwenye mdomo, vipande vidogo vyeusi vikaruka kama risasi, kimoja kikanipata sikioni. Kisha kimya. Mota imekwama.

Sikumpenda Nassibu alivyonyamaza. Nimemjua miaka hamsini na tisa na sijawahi kumwona akikosa utani. Alifungua mdomo wa mashine kwa spana, akachomoa parafujo, ikatoka imevaa mkaa. Kavu kupita kiasi, alisema mwishowe. Kavu hukabana bila kulainika. Joto linapanda, hakuna maji ya kufumua kitu, nafaka inaungua ndani ya chuma. Alikwangua mpaka saa tisa. Wateja wake wa stendi walirudi mikono mitupu.

Nilimwambia labda tatizo ni mtama wa mwaka huu. Akaniomba nitoke nje.

Alhamisi, 10 Julai

Nilirudi kwa Nassibu na asali chupa mbili. Nilimpigia shikamoo, ingawa tuko rika moja. Hakuitika, lakini alipokea asali.

Akaniuliza ni nani hasa katika parokia atakayekunywa uji huu. Nikasema kamati. Akauliza kama kamati inaitwa Apolinaria.

Nikazipanga vizuri chupa za asali. Alikaa juu ya gunia. Akasema anaukumbuka uji wa Mayu. Likizo ya mwaka 1969 alilala kwetu Puge siku nne, na asubuhi ya kwanza alidhani ni ugali uliokosewa, akatafuta mboga. Mayu alicheka mpaka akashika mlango. Akasema alikunywa vikombe viwili. Nikamsahihisha: vitatu, na cha tatu kilikuwa changu. Akasema Mnyamwezi hasahau mzigo hata akiutua.

Akaniuliza kama Dada anajua kwa nini nahangaika hivi. Nikasema hapana, ni siri. Akanitazama kama alivyoitazama parafujo jana.

Halafu alifanya kazi yeye mwenyewe. Alichukua mtama mkavu wa kawaida, akaunyunyizia maji vikombe viwili kwa debe zima, akaugeuza kwa mikono, akaufunika kwa gunia nusu saa. Unyevu wa nguo ya kupiga pasi, alisema: mkono usilowe, lakini punje isilie.

Saa tano na dakika ishirini ilitoka bomba ya kwanza. Nyepesi! Rangi ya maziwa yenye majani ya chai kidogo. Ilifumuka palepale mdomoni, ikaimba. Niliivunja, ndani ilikuwa vijumba vidogo kama sega la nyuki. Nassibu alinipigia saluti. Nilikula sita.

Nilizisaga, nikapata unga laini kama poda. Nikakimbilia nyumbani, Dada akiwa kwa jirani. Maji ya moto kikombe kimoja, unga vijiko vinne, koroga.

Mwepesi. Ulitiririka. Nikaongeza vijiko vinne. Bado unateleza, sasa una madonge. Nikausubiri dakika mbili ufanye utando. Nikausubiri dakika ishirini.

Nilirudi kwa Nassibu na kikombe mkononi, nikitembea polepole nisimwage. Alitia kidole, akanusa, akacheka kwa upole, jambo linalonikera zaidi. Akasema punje ya mtama ndani yake ina vifuko vidogo visivyohesabika, na ndani ya vifuko ndimo wanga umekaa. Jiwe la Mayu lilipasua punje, lakini vifuko vingi liliviacha vizima. Kwenye chungu vilikunywa maji polepole, vikavimba, vikabanana, ndipo uji ukashika. Parafujo haina subira hiyo. Imevichana vyote na kuukatakata wanga wenyewe vipandevipande kabla hujaweka maji jikoni. Sasa wewe, akasema, unataka kuvimbisha nini? Kitu kilichokwisha kuchanwa hakirudi kuwa kifuko.

Nimeelewa vizuri sana. Mashine haijasugua vya kutosha.

Ijumaa, 11 Julai

Nimezipitisha bomba mara ya pili.

Nassibu alikuwa msikitini. Aliniachia ufunguo nichukue mfuko wangu, hakuniachia ruhusa. Nilizivunjavunja, nikazinyunyizia maji kama alivyonionyesha, nikawasha. Na kwa kuwa uji wa Mayu ulikuwa na karanga, nilitia gao moja, kiganja tu. Gao moja si kitu.

Ilitoka kama sabuni. Nilikausha vipande juu ya bati, nikasaga, nikakoroga. Sasa ni chai. Chai ya mtama yenye mafuta juu. Inapita kwenye chujio bila kusimama.

Nilifuta mashine kwa shati. Nassibu aliporudi alinusa mara moja tu, akasema "karanga," akanyoosha mkono kudai ufunguo.

Jioni Dada alikuwa amekitoa kila kitu sandukuni na kukitandaza kitandani. Niliuliza kama kuna kilichopotea. Akasema hapana, anaangalia tu kama kuna cha kuacha. Akauliza nafikiri aache nini. Nilifikiri kwa makini, nikamwambia aache sufuria kubwa, kwa sababu Magreth lazima anazo. Akaanza kukunja nguo, moja moja.

Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nahesabu unga uliobaki wa jana. Unatosha vikombe vitatu.

Jumamosi, 12 Julai

Magreth amefika saa nane na nusu. Shikamoo mjomba, begi chini, moja kwa moja jikoni kuona mama yake anakula nini. Amenenepa, ana sauti ya Mayu. Sikuwa tayari kwa hiyo sauti. Ilibidi nikaangalie geti.

Nilipanga kila kitu saa kumi na moja jioni. Kitambaa cha meza. Vikombe vya bati, vya rangi ya buluu, nilivyovitafuta gulioni kwa sababu Mayu alikuwa na vya namna hiyo. Dawa yangu ya mwisho ya uji kushika: nilichanganya unga wa mashine na unga wa dukani, nusu kwa nusu, nikaupika kwenye jiko kama uji wa kawaida, nikakamulia limau badala ya uchachu. Halafu nilimwambia Dada anywe kwanza, ndipo nitamweleza.

Alinusa. Alikunywa kidogo. Alifunga macho. Moyo wangu ulikuwa unakwenda kama treni ya mizigo kwenye mlima.

Akasema ni mtamu. Akasema ungemfaa mtoto anayeumwa tumbo. Lakini alikunywa wote, akakwangua kikombe, akaniambia nimejitahidi, na kwamba Mayu angecheka mpaka ashike mlango. Hakusema kwamba anabaki. Nilingoja mpaka saa mbili. Hakusema.

Baada ya chakula Magreth alinifuata uani. Akaniuliza, Mjomba, kwa uhakika, wewe unataka mama abaki au aende? Swali zito, nje ya taratibu, na mimi nikiwa na sufuria mkononi. Nilimjibu kama afisa: uamuzi ni wake, siwezi kuingilia. Akasema basi, mama naye amesema hivyohivyo, kwamba uamuzi ni wetu, mimi na wewe.

Sikuelewa. Nimeosha vikombe.

Jumapili, 13 Julai

Basi la Mwanza liliondoka stendi saa kumi na mbili na dakika arobaini, dakika kumi nyuma ya muda.

Nassibu alikuja, jambo ambalo sikulitegemea, na mfuko wa bisi za bomba za mahindi kwa ajili ya njiani. Alimwambia Dada kwamba mdogo wake amekula mashine ya watu wiki nzima. Dada akamwambia anajua. Unga kwenye nyusi aliniona nao tangu siku ya kwanza, na harufu ya mtama uliolowekwa haihitaji miwani. Akamwita mtani wake mwongo kwa mambo mengine lakini si hili. Walicheka wote wawili, wameshikana mikono. Mimi nilikuwa nahakikisha sanduku limefungwa kamba.

Mlangoni mwa basi Dada alinishika kidole cha shahada, kama alivyokuwa akinishika kuvuka barabara kule Puge. Akasema, "Mdogo wangu, siku kumi umenihangaikia, na hukuniambia hata neno moja." Nikamuuliza neno gani. Akanitazama. Akasema basi, hamna, nisisahau kufunga dirisha la jikoni. Magreth akamsaidia kupanda. Alikaa upande wa kushoto, dirisha la tatu. Alipunga mkono mpaka kona, nami nilipunga mpaka vumbi lilipotua. Nassibu alinigusa bega akasema twende. Nikamwambia atangulie.

Nyumba ina viti vinne. Nimekaa kwenye kila kimoja. Cha dirishani ndicho kinachoona barabara. Kumbe ndiyo maana alikipenda.

Neno gani?

Nimelifikiria tangu saa moja asubuhi. Nimepitia daftari hili tarehe kwa tarehe, kama tulivyokuwa tukipitia ripoti ya treni iliyochelewa, kuona ni wapi tulipoteza muda. Na saa kumi na dakika tano alasiri nimelipata! Ni kweli kabisa, sikumwambia. Yeye alikunywa uji bila kuelezwa umetengenezwaje. Nilimwahidi kwamba akishakunywa nitamweleza, halafu nikaosha vikombe. Mtu atauthaminije uji asioujua? Angejua yale yote yanayoipata punje mle ndani, angebaki.

Nimekaa, nimemwandikia. Kurasa tatu, pande zote mbili. Nimeeleza parafujo, nafasi inayozidi kuwa finyu, unyevu, kusuguana, vifuko vya wanga na jinsi vinavyochanika, na kwa nini utando haukutokea. Nimechora mashine kwa ubavu, na mishale. Sikuacha jambo lolote la maana.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Mwanza barua aipeleke.